Gari Lililotufurahisha Kuliko Yote

Je, unalikumbuka gari la kwanza ulilopanda huku ukijua kuwa ni la nyumbani kwenu? Hatuzungumzii basi, wala lori la ushirika, wala gari la kazini ambalo baba alilirudisha jioni. Tunazungumzia lile ambalo hata likiwa limezimwa uliweza kuingia, ukashika usukani, ukapiga honi kwa mdomo, na hapakuwa na mtu wa kukufukuza isipokuwa mama.

Kwetu mazungumzo haya yalianza siku ya Alhamisi, baada ya kipindi cha akina mama hapa Korogwe, mvua ilipotufungia ukumbini. Mwenzetu mmoja, mjane, alikuwa amekuja na jambo lake akitaka tumshauri. Nyumbani kwake, chini ya mwembe, lipo gari la marehemu mumewe, Peugeot 504 ya mgongo mrefu, ile yenye viti vya safu tatu. Halijatembea tangu mwaka 2012 na kuku wanataga humo. Wiki ile alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu, akalizunguka mara mbili, akataja bei. Bei haikuwa kubwa, lakini ingetosha kumalizia ada ya binti yake wa mwisho, ambaye yuko mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Mtoto yuko chuoni na baba hayupo. Kila mama anaijua hesabu hiyo.

"Sasa wenzangu, niliuze au nisiliuze?" alituuliza.

Tungeweza kumjibu upesi, kwa maana shida ya ada haina mjadala mrefu. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza bei. Mama Mchungaji akamwambia, "Kabla ya kusema la kuuza, hebu tueleze kwanza lilikuwa gari la namna gani." Mjane akacheka, akasema aanze mwingine, yeye atafuata. Basi mlango ukafunguka. Mvua ilinyesha saa mbili nzima, na kumbe kila mmoja alikuwa na gari lake moyoni.

Sisi tunaoandika habari hii tulikulia katika Volkswagen, ile ndogo ya mgongo wa duara, ambayo nyumbani tuliiita Kobe. Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1986, na yenyewe ilikuwa ya mwaka 1960, hivyo ilikaribia kulingana umri na mama yetu. Mama hakupenda jambo hilo litajwe mbele ya wageni.

Kobe alikuwa na mambo ya kinyumenyume. Injini ilikaa nyuma na mizigo ikakaa mbele. Tena hakuwa na rejeta wala tone la maji, kwa kuwa injini yake ilipozwa kwa hewa iliyosukumwa na feni. Msomaji anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto ataelewa mara moja kwa nini jambo hilo lilikuwa kubwa kwetu. Ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini ni kupanda na kona, kona na kupanda, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Kila Desemba tulipandisha huko kwa bibi. Njiani tuliyakuta magari makubwa ya watu wenye vyeo yamesimama pembeni, boneti ziko wazi, mvuke unatoka, na dereva ameshika kopo akingoja injini ipoe aongeze maji. Kobe hakuwa na haraka. Alipanda kwa gia ya pili, akinguruma kama cherehani inayoshona turubai, lakini hakuchemsha hata siku moja. Baba akiyapita magari yale alipiga honi fupi.

"Mwalimu, usiwacheke wenzako," mama alimwambia.

"Siwacheki, nawasalimu," alijibu. Sisi nyuma tulicheka kwa niaba yake.

Nyuma ya kiti cha nyuma palikuwa na shimo la kuwekea mizigo midogo. Pale ndipo palipokuwa mahali pa heshima. Watatu wetu walikaa kwenye kiti, na wawili wadogo wakaingia shimoni, ukuta mwembamba tu ukiwatenga na injini, pamoja na joto lake na mlio wake. Huko juu baridi ilianza kuuma tulipolipita poromoko la Soni, lakini aliyekuwa shimoni hakulisikia baridi. Alikuwa amelala. Tumelala katika vitanda vingi tangu wakati ule, na hatujapata usingizi mtamu kama ule.

Gari la mwaka ule halikuwa na mshale wa kuonyesha petroli. Lilikuwa na koki ndogo karibu na miguu ya dereva. Petroli ikipungua, gari linaanza kukohoa. Hapo unaigeuza koki na kupata akiba ya lita kama tano za kukufikisha kituoni. Baba hakuiamini sana koki hiyo, kwa hiyo alikuwa na kijiti alichokitumbukiza katika tangi kabla ya safari, kisha akakiangalia kama daktari anavyoangalia kipimajoto. Siku moja sisi watoto tulicheza udereva, tukaigeuza koki, tusiirudishe. Kesho yake baba aliondoka kwa haraka bila kupima kwa kijiti. Katikati ya mashamba ya mkonge gari likakohoa, baba akaishika koki, kumbe akiba tulikuwa tumeshaitembelea tangu asubuhi. Alikwenda kwa miguu na kidumu, akarudi jua limekuwa kali. Hakutupiga. Alimimina petroli, akaketi kwenye usukani, akatuambia tusukume. Petroli ilikuwa imo na betri ilikuwa nzima, lakini tulisukuma.

Gari la umbo lile liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2003, la mwisho likatoka katika kiwanda cha Puebla nchini Mexico, yakiwa yametengenezwa zaidi ya milioni 21. Baba yetu aliposikia habari hiyo kwenye redio aliamka, akaizima redio, akatoka nje.

Mama Mchungaji yeye alikuwa na Land Rover. Si lake, alisisitiza, lilikuwa la usharika, huko Handeni, mwaka 1979 alipokuwa bibi harusi wa juzi. Lilikuwa kuukuu tayari, la bodi ya alumini. Magari hayo yalipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma cha bodi kilikuwa adimu kutokana na vita kuu, na ndiyo sababu wakatumia alumini, ambayo haishiki kutu. Bodi ilikuwa na mibonyeo mingi kama sufuria ya harusi, lakini haikuoza. Asubuhi za baridi Mchungaji aliliwasha kwa hendeli ya mkono iliyochomekwa mbele. Mkewe alikaa ndani, mguu juu ya pedali ya mafuta, akingoja kuambiwa "kanyaga!" Nyuma palikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana, na kwaya ikipanda humo ilikaa magoti yakigusana, ikaimba kutoka Handeni hadi mtaani na kurudi. Vumbi liliingia kila mahali. "Tulishuka tukiwa wekundu, na sauti zimekauka," alisema, "na bado nasema sijapata safari nzuri kuliko zile. Mnajua kwa nini? Mlio wake ulikuwa mkubwa mno, hata sikuweza kugombana na mume wangu. Tulingoja tufike, na tukifika tumesahau."

Tulicheka kiasi cha kupitwa na radi.

Mama yetu mzee kuliko wote, ambaye mumewe alikuwa karani katika shamba la mkonge, alituletea Morris Minor. Yeye hakukumbuka sana gari lenyewe. Alichokumbuka ni Jumapili za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hazikuwepo, petroli ilikuwa ya kupanga foleni, na magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wasomaji wenye umri wataikumbuka amri hiyo. Harusi na ubatizo vilikwenda kwa saa, na mhubiri aliyerefusha mahubiri aliwaona wenye magari wakiangalia mikono yao. Siku moja yeye na mumewe walichelewa kwa ndugu, saa nane ikawakuta huko, ikabidi walale. "Hatukuwa tumelala nje ya nyumba yetu tangu tuoane," alisema. "Tulikaa barazani kwa watu tukiongea mpaka usiku wa manane kama wachumba. Asubuhi alitaka kujua kama nimeudhika. Nikamwambia, wiki ijayo tuchelewe tena."

Mdogo wetu, mwalimu wa sekondari, alikuwa kimya. Tulipomgeukia alisema kwa aibu kwamba lake ni Toyota IST, lile dogo tunaloliona kila mahali, lililotoka Japani likiwa limetumika, na analo hadi leo. Alidhani tutamcheka. Lakini alilinunua kwa mkopo wa kikundi cha vicoba na akiba yake ya miaka minne, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kadi ya gari. "Siku ya kwanza niliendesha mpaka sokoni, nikarudi. Halafu nikaenda tena, wala sikuwa na cha kununua." Mumewe hana leseni, ndiye abiria wake. Mama mzee alimtazama kwa muda, akamwuliza kama kuna nafasi Jumapili.

Hapa sisi tunaoandika inatubidi tuingize neno moja la kiuuguzi, kisha tuendelee. Katika kumbukumbu zote hizi hakuna mkanda hata mmoja. Watoto walisimama katikati ya viti, wachanga walipakatwa mbele, na sisi wenyewe tulilala shimoni nyuma. Tulifika salama, tukadhani ndivyo ilivyo. Miaka tuliyofanya kazi wodini imetuonyesha wale ambao hawakufika. Mama aliyempakata mtoto hawezi kumzuia gari linapogonga, hata awe na mikono yenye nguvu namna gani, na mtoto aliyesimama anarushwa mbele kama mzigo. Tuyapende magari yale kwa moyo wote, lakini mjukuu tumfunge mkanda, na mdogo kabisa awe katika kiti chake cha gari.

Sasa tulimgeukia mjane.

Mumewe alikuwa bwana shamba, na Peugeot aliipenda tangu utotoni, wakati mashindano ya Safari yalipokuwa yakifanyika siku za Pasaka na kupita Kenya, Uganda na kwetu pia. Mjane wetu hajui kubadilisha hata tairi, lakini alitutajia washindi kama mtu anayetaja vitabu vya Biblia. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404 mwaka 1963 na tena mwaka 1968, na katika miaka yote miwili magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, mengine yote yalibaki kwenye matope na mawe. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, kwa 404 pia. Mwaka 1975 ikaja zamu ya 504, dereva akiwa Ove Andersson. "Alinisimulia hayo wakati wa uchumba," alisema. "Mimi nilifikiri ananiambia habari za ndugu zake."

Walipata lao mwaka 1997, rangi ya maziwa, likiwa limetembea sana. Kila aliyepanda alisifu springi zake laini. Mashimo ambayo gari jingine lingekurusha kichwa hadi juu, hili liliyapita likiinama na kuinuka kama ngalawa. Ndiyo maana Kenya lilichukua abiria wa safari ndefu kwa miaka mingi. Safu tatu za viti ziliwachukua watoto wake watatu, wa shemeji yake wawili, mama mkwe, na mbuzi wakati wa sikukuu.

Halafu akanyamaza na kututazama sisi. "Haya, nesi, hii sehemu ni yako."

Ni kweli. Mwezi wa Aprili mwaka 2005 tulikuwa wapya kazini, tumemaliza stashahada mwaka uliotangulia, tukapangiwa zahanati ya kijiji walichokuwa wakiishi. Alikuwa na mimba ya nne. Usiku ule alikuja amevimba miguu na uso, kichwa kinamuuma, na tulipompima presha ilikuwa juu mno. Mama wa namna hiyo si wa kujifungulia zahanati, maana anaweza kupata kifafa cha mimba wakati wowote. Gari la wagonjwa halikuwepo. Mumewe alileta 504 mlangoni, tukakunja kiti cha nyuma kabisa, tukatandika godoro, tukamlaza kwa ubavu wa kushoto. Tulichukua kifurushi cha kujifungulia na taa, tukapiga magoti kando yake. Masika yalikuwa yamechimba barabara.

Mtoto hakungoja hospitali. Tuligonga bega la baba, tukamwambia asimame. Alisimama, akashika taa akiwa amegeuza uso kutazama dirisha, mkono unatetemeka mpaka mwanga unacheza juu ya dari. Mtoto alitoka kwa haraka, msichana, akalia kabla hatujamaliza kumkausha. Tulimlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, tukawafunika kwa khanga mbili, tukakibana kitovu, tukakikata, tukampa mama sindano ya kuzuia damu, tukangoja kondo. Kisha tukasema, "Baba, sasa twende, lakini polepole." Hofu yetu ilikuwa bado kubwa, kwa kuwa presha haiishi mtoto akizaliwa. Tulimshika mkono, tukamwangalia macho na pumzi njia nzima.

Sisi tunakumbuka hofu. Mjane wetu anakumbuka kitu kingine. "Aliendesha kama amebeba mayai," alisema. "Hakusema neno. Nilisikia mvua juu ya bati, nikasikia mtoto anatafuta ziwa, na gari linainama na kuinuka. Sikutaka tufike. Ninyi mlikuwa mnanipima, mimi nilikuwa nasema, Bwana, tusifike upesi." Getini baba alipiga honi bila kuachia mpaka mlinzi akaja mbio akidhani kuna moto.

Hatumshauri mama yeyote ajifungulie garini. Leo kila mjamzito anapokuja kliniki tunampangia mapema, atajifungulia wapi, usafiri ni wa nani, nani atamsindikiza, fedha ziko wapi. Tukiandika haya tunajua kuwa tulikuwa na bahati usiku ule. Binti alikua vizuri, na shuleni wenzake walipopata habari hiyo wakamwita Pijo. Ndiye huyo aliye chuoni.

Basi ukumbini hakuna aliyethubutu kusema "uza". Mama mzee alisema waziwazi kuwa lisiuzwe, ada tuchange. Mama Mchungaji alisema tuchange, ndiyo, lakini muhula ujao je? Mwishowe tukampigia simu binti mwenyewe, tukaweka sauti ya nje, tukamweleza kwa uangalifu, kama watu wanaopeleka habari za msiba.

"Mama," alisema, "lile gari si halina injini?"

Tulitazamana. Ikawa kweli. Injini baba aliiuza mwaka 2014 kwa ada ya kaka yao mkubwa, na matairi yakafuata kwa ajili ya dada. Tulikuwa tumejadili saa mbili tukidhani tunaokoa gari, kumbe lilikuwa likisomesha watoto kipande kwa kipande tangu zamani. Mjane alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Nilisahau kuwaambia," alisema. "Nikilitazama dirishani naliona zima."

Jumamosi tulikwenda kwake saba. Mnunuzi alikwisha fika na lori na kamba. Mjane aliomba tuingie kwanza, tukae kidogo. Mama Mchungaji alishika usukani, mjane akakaa upande wa abiria, mahali pake. Wengine tukajibana nyuma, mlango mmoja ukakataa kufungwa. Chini ya kiti tulipata kitana cha mtoto, mbegu za machungwa na bomba la peni. Tulipotaka kusogea safu ya tatu, pale palipokuwa godoro, tukapokelewa kwa kelele. Kuku wa madoa alikuwa amelalia.

Mjane alimwita mnunuzi dirishani. "Baba, bei ni ile ile," alisema, "lakini kuku yuko siku ya tisa."

Yule baba aliinama, akachungulia ndani, akamwona kuku, akatuona na sisi. Alihesabu kwa vidole mpaka ishirini na moja. Kisha akatoa nusu ya fedha, iliyotosha kwa tarehe ya chuo, akasema atarudi baada ya siku kumi na mbili, akakunja kamba yake na kuondoka na lori tupu. Sisi hatukushuka. Chai tuliletewa humo humo.